Barua ya wazi: nyumba za viambaza za mashamba ya karafuu Pemba zisipigwe saruji

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Mheshimiwa, Assalaam aleikum.

Tunakuandikia juu ya nyumba kongwe za miti na udongo zilizobaki katika mashamba ya karafuu ya Pemba. Ombi letu kubwa ni moja: kila fedha ya umma inapotumika kukarabati nyumba ya aina hii, mwongozo wa kazi ukataze plasta ya saruji na uagize udongo na chokaa. Sababu zake ni za kifundi na tunazieleza hapa.

Pujini na Ras Mkumbuu zinatajwa kila panapozungumzwa mambo ya kale ya Pemba, na ni haki yake, lakini yale ni magofu ya mawe. Historia ya karafuu imelala zaidi katika kiambaza, yaani ukuta wa miti uliokandikwa udongo. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya zao hili. Watumwa ndio waliolima na kuchuma mpaka amri ya 1897 ilipoondoa utumwa kisheria. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yakagawiwa eka tatu tatu. Wenye mali wachache walijenga kwa mawe. Walio wengi, katika zama zote hizo, waliishi ndani ya miti na udongo, na mpango wa nyumba ukafuata kazi ya shamba: baraza pana mbele ya kukalia watu wakichambua karafuu na makonyo (vikonyo vyake), uwanja wazi wa kutandika majamvi juani, na ukumbi wa katikati wa kukimbizia mali mvua inapoanguka ghafla.

Chukua nyumba ya kawaida ya mita 8 kwa 12: ukumbi wa mita 2 unapita katikati, na kila upande vyumba vitatu vyenye upana wa mita 3. Ukijumlisha kuta za nje na za ndani unapata kama mita 76 za kiambaza. Ukisimamisha nguzo moja kila mita, unahitaji nguzo sabini na kitu, zilizozikwa nusu mita hadi sentimita 60. Nguzo bora ni ya mkoko au muia, yenye unene wa sentimita 11 hadi 14, maana miti ya mikoko ina tanini nyingi na mchwa huipenda kidogo kuliko miti ya bara. Juu ya nguzo hulazwa mwamba, yaani mti mrefu unaoziunganisha vichwani, na juu ya mwamba hupanda makombamoyo, miti ya kubeba paa. Kati ya nguzo husimamishwa miti myembamba, kisha fito za mkandaa (aina ya mkoko) hufungwa kwa ulalo ndani na nje, kila baada ya shubiri moja, kwa kamba ya makumbi. Msumari hauna kazi hapa: hupasua ufito na kushika kutu, hali kamba huachia kidogo jengo linapotikisika kisha hurudi. Baada ya hapo hujazwa vijiwe, ndipo hukandikwa udongo.

Kwa hiyo udongo haubebi paa. Miti ndiyo inayobeba. Udongo ni nguo yake. Ramani ya ukarabati inayouhesabu ukuta huu kama ukuta wa matofali imekosea kabla fundi hajafika.

Sasa saruji. Kiambaza hunyonya maji kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha hukauka kupitia uso wake wote. Plasta ya saruji ni ngumu na hainyumbuki, lakini miti iliyo ndani hucheza kila upepo wa kusi unapovuma. Ndani ya msimu mmoja au miwili zinatokea nyufa nyembamba kama unywele. Maji ya masika huingia humo na hayana pa kutokea. Udongo wa ndani hulainika na kushuka, plasta hubaki imesimama peke yake kama ganda, na ukiigonga hulia utupu. Nguzo nazo huoza pale pale zinapoingia ardhini, shubiri moja juu na moja chini, ambapo unyevu na hewa hukutana. Mchwa hupanda nyuma ya ganda bila kuonekana. Katika ukuta wa udongo mtupu mwenye nyumba angeviona vichuguu vyao na kuvikwangua mapema. Siku plasta inapoanguka, nguzo imekwisha zamani, na mwenye nyumba anaambiwa kuwa nyumba ya udongo haidumu.

Kazi iliyo sawa huanza baada ya masika, Juni hadi Agosti, ili ukuta ukauke kabla ya vuli. Kwanza bandua saruji yote. Tegemeza mwamba kwa miti ya muda pande zote mbili za nguzo mbovu, halafu badilisha nguzo moja moja. Usitoe mbili zinazopakana kwa pamoja, kwani mwamba utapinda na haurudi tena. Kama ubovu uko chini tu, kata sehemu iliyooza na uunge kwa mkato wa mshazari wenye urefu usiopungua mara tatu ya unene wa nguzo, ufungwe imara. Shindilia mawe na udongo kuzunguka mguu wa nguzo. Usimwage zege, kwani zege hugeuka kikombe na nguzo ikakaa ndani ya maji.

Udongo wa kukandikia hujaribiwa kwa mkono. Finyanga tonge, likaushe kivulini. Likipasuka sana ongeza mchanga, likimomonyoka ongeza udongo mwekundu wa mfinyanzi. Changanya na majani makavu yaliyokatwa, kanyaga, ulaze usiku kucha. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la udongo, usukumwe kutoka ndani na nje mpaka udongo ukutane kati ya fito, kisha uachwe ukauke kabisa na upasuke utakavyo. Nyufa hizo ndizo zinazoushika mkono wa pili. Anayeharakisha hapa atarudia kazi. Mwisho ni plasta nyembamba ya chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, na chokaa hiyo iwe imezimwa na kulazwa shimoni wiki kadhaa. Chokaa mbichi huendelea kufura ukutani na kutoa mapele.

Kuhusu paa, hatupingi bati. Makuti huhitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na moto ni hofu ya kweli. Tatizo ni kwamba mwezekaji hupunguza upenu ili kuokoa bati, na ukuta uliokuwa ukifunikwa kwa sentimita 80 unabaki na 30. Mvua ya mshazari inaupiga moja kwa moja. Bati pia ni jepesi, upepo hulinyanyua, kwa hiyo makombamoyo yafungwe upya kwenye mwamba. Upenu usipungue sentimita 75 kwa nyumba yoyote, ya makuti au ya bati.

Linabaki suala la miti. Mikoko ni lazima ilindwe, na hatuombi mlango ufunguliwe kwa wafanyabiashara. Tunaomba kibali maalumu cha ukarabati: fundi ahesabu nguzo mbovu pamoja na sheha na afisa wa misitu, apewe idadi hiyo hiyo kwa unene uliotajwa, na nguzo zilizotolewa zionyeshwe kabla kibali hakijafungwa. Na chokaa isichomwe kwa kuni za mikoko.

Mwisho, Mheshimiwa, tunaomba nyumba hizi ziorodheshwe shamba kwa shamba, kwa vipimo, michoro na aina ya mti, kabla ya masika yajayo. Mafundi wa kupima nguzo na kuonyesha kazi ya kukandika wapo, na tuko tayari kufuatana na maofisa wako siku watakayopanga.

Wako katika kazi,
Mafundi wa viambaza na waezekaji, Pemba