Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Vita vya Kunguru, Malindi

Ndugu wanachama, asalaam aleikum.

Ya kawaida mnayajua: viota tulivunja, jaa tulisafisha, na wavuvi tuliwaomba tena wasimwage matumbo ya samaki ufuoni. Vizimba vinne vimenasa kunguru 412. Watatu wenye kifua cheupe tuliwaachia, hao ni wenyeji. Adui yetu ni huyu mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka. Ada zilizoingia ni shilingi 19,200, matumizi 18,750.

Sasa spika, ile ya kuwapigia kunguru sauti za wenzao ili wanaswe kizimbani. Barazani nasikia mwenyekiti kanunua spika ya harusi kwa pesa za chama. Iligharimu shilingi 5,500, ilikuwa ya mtumba, na kikao kilipitisha. Tulikuwa watu saba. Aliyekuwa na pingamizi angefika.

Kunguru wa mjini hashawishiki kwa chakula, ameshiba. Lakini mwenziwe akilia mkononi mwa mtu, kundi zima linakuja. Aliyewahi kuokota kinda lake anajua anavyodonolewa utosini. Kilio hicho nilikirekodi mwenyewe kwa simu yangu, na kovu la kidole ninalo.

Siku ya kwanza kilipigwa nusu saa mfululizo, spika ikiwa wazi juu ya kizimba. Mwembe uligeuka mweusi, wakapiga kelele, hakushuka hata mmoja. Siku ya tatu hawakugeuza shingo. Nakubali lilikuwa kosa, ingawa aliyeshika simu si mimi. Kilio cha hofu kinawaleta, hakiwaingizi. Tulipoficha spika chini ya makuti, tukapiga sauti ya kunguru wanaogombania chakula dakika mbili tu kisha kimya, na ndani mkawa na kunguru hai wa chambo mwenye maji na kivuli, waliingia. Kesho yake tulihamia kwingine.

La bundi ndilo lililoniletea matusi. Wawindaji wa Marekani hupiga sauti ya bundi akipigana na kunguru, maana kunguru humchukia bundi kupita kiasi. Nilijaribu alfajiri moja. Sikufikiria kwamba jirani ana mgonjwa ndani! Nilikwenda kuomba radhi kwa mguu wangu, na sauti hiyo nimeifuta. Lakini wanaosema tufuate Wamarekani mpaka mwisho wakumbuke wao wana bunduki na msimu wa kuwinda. Hapa uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sumu haiguswi bila kibali cha serikali. Tumebaki na kizimba na sauti.

Wanachama ni 58, waliolipa ada ni 16. Mkutano uliopita tulikodi viti 50, tukakalia 11. Wenye maneno mengi juu ya spika sikuwaona hata mmoja.

Mwakani, inshallah, tutaongeza vizimba na kuzungumza na wenye mahoteli wakitupa nafasi. Mweka hazina yuko pale mlangoni na kitabu cha risiti.