Buti likipasuka, usisubiri shafti ilie

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wenye Toyota Noah na Voxy zinazofanya kazi kati ya Mbeya, Tukuyu na Kyela, na zile zinazopandia Isyonje kwenda Makete. Kipindi cha mvua magari haya huletwa gereji yakilia ka-ka-ka kila yakikata kona, na mwenye gari keshaambiwa mtaani kuwa dawa ni shafti nzima ya mtumba, ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi gurudumu. Mara nyingi kilichoanza kuharibika ni buti tu, ule mpira wenye mikunjo unaofunika sivi jointi, yaani kiungo cha kwenye ncha ya shafti kinachoiruhusu kujikunja huku inazunguka.

Buti linatunza grisi ndani na kuzuia maji na tope yasiingie. Likipasuka, mzunguko wa gurudumu unarusha grisi nje, mchanga unaingia, na gololi zinaanza kula njia zake. Ukiwahi, jointi bado nzima: inaoshwa, inawekwa grisi mpya, linafungwa buti jipya. Ikishaanza kulia, grisi haiirudishi.

Kukagua hakuhitaji kufungua kitu. Kata usukani hadi mwisho, mulika nyuma ya tairi. Grisi nyeusi iliyotapakaa ndani ya rimu au kwenye springi ndiyo ushahidi. Kama ni pakavu, bado panua mikunjo kwa vidole, maana ufa huanzia kwenye bonde la mkunjo na mpira ukitulia hauonekani. Fanya hivyo kila unapomwaga oili. Mlio wa kwenye kona ni jointi ya nje. Gari likitetemeka unapokanyaga mafuta mlimani na mzigo, kisha likatulia ukiachia, shuku jointi ya ndani, upande wa giaboksi.

Kuna na hii ya kunyanyua gari kwa spesa, vile vipande vya kuongezea kimo kwenye springi. Sababu tunaielewa, barabara za vijijini zina mawe. Ila body ikipanda, shafti inafanya kazi kwa pembe kali zaidi muda wote, mikunjo ya buti inasuguana na jointi inachoka mapema. Aliyenyanyua gari akague mabuti mara mbili ya mwenzake.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye Toyota nyingi jointi ya nje haifunguliwi kutoka kwenye shafti, hivyo buti la nje linaingizwa kwa kupitia upande wa ndani: unafungua jointi ya ndani, unapiga alama, unatoa klipu na tripodi (kipande cha miguu mitatu kilicho ndani ya jointi), ndipo mabuti yote mawili yanapita. Ni kazi ndefu, na ndiyo maana mafundi wengine hukimbilia buti la kubandika kwa gundi au, aibu zaidi, kipande cha tyubu kilichofungwa waya. Hivyo havivuki masika.

Nati ya habu, ambayo nyingi ni namba 30, ilegezwe gari likiwa bado chini na mtu amekanyaga breki. Kwanza inua kwa patasi ule ukingo uliogongwa kuingia kwenye mfereji wa shafti, la sivyo utaharibu uzi. Nyanyua gari, weka stendi, usitegemee jeki peke yake. Toa tairi, achia boli jointi ya chini (bolti moja na nati mbili), achia na waya wa ABS (breki zinazozuia tairi kuganda) usije ukavutika. Shafti igongwe kwa nyundo ya plastiki. Upande wa giaboksi chomoa kwa mtaimbo mdogo. Ukivuta shafti kwa mikono, tripodi inachomoka ndani na kazi inakuwa nyingine. Shafti isiachwe ikining'inia.

Jointi ioshe kwa petroli, kausha kabisa. Grisi iwe ile nyeusi yenye molibdenamu inayokuja na buti, pakiti yote, siyo grisi ya beringi inayouzwa kwenye kopo. Funga tepu kwenye meno ya shafti kabla ya kupitisha buti, maana meno yale yanakata mpira mpya bila wewe kujua. Sili ya giaboksi badilisha, ipake mafuta kidogo mdomoni. Klipu ya mwisho wa shafti iwe mpya na uwazi wake utazame chini. Nati ya habu nayo mpya, ifungwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwani kwenye magari haya inadai zaidi ya Nm 200, kisha ukingo ugongwe tena. Gari lisisukumwe hata hatua mbili nati ikiwa haijakazwa, beringi ya gurudumu ndiyo itakayolipa.

Mafuta ya giaboksi yaliyomwagika yarudishwe ya aina ileile. Zipo Noah na Voxy za kuanzia 2004 zenye CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua), na hizo haziwekwi haidroliki ya kawaida.

Anayelazimika kununua shafti ya mtumba, pale Mwanjelwa au popote, aende na ya zamani mkononi. Alinganishe urefu (ya kulia na ya kushoto hazifanani), ahesabu meno ya ncha zote mbili na ya ringi ya ABS kama ipo, aikunje jointi pande zote akisikiliza mkwaruzo. Mabuti yaliyokuja nayo ayabadilishe hata kama yanang'aa.

Wenye Hiace wao wana propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma: krosi (viungo vyake vya msalaba) zenye nipo, ile chuchu ya kuingizia grisi, zipigwe grisi, na kabla ya kufungua bolti nne za flenji wachore alama irudi ilivyokuwa, vinginevyo itatetemesha gari.

Jambo la mwisho ni kwa madereva. Shafti moja ya mbele ikikatika au kuchomoka, injini inanguruma lakini gari haliendi, na gia ya P haishiki tena, kwa kuwa nguvu yote inakimbilia upande uliokatika. Kwenye mteremko wa Kiwira vuta hendibreki na weka mawe kwenye matairi kabla abiria hawajaanza kushuka.

Mafundi magari,
Uyole, Mbeya