Kaka anasema ni uzee, daktari anasema ni hatua ya kati. Mama tumpangieje?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kitinda mimba, naishi na mama yetu hapa Tanga. Ana miaka 76. Mwaka jana daktari alituambia ana ugonjwa wa Alzheimer, ule wa ubongo unaofuta kumbukumbu taratibu, na safari hii amesema umefika hatua ya kati. Tangu hapo ndugu hatuelewani. Kaka mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, anasema ni uzee tu, kila mzee husahau. Mama mdogo anasema kuna mkono wa mtu, anataka tumpeleke kwa mganga.

Mama alikuwa fundi cherehani, vipimo vya wateja alivishika kichwani bila kuandika. Akaanza kurudia swali lile lile, kuficha pochi kisha kulia kwamba ameibiwa, kuchanganya zamu za upatu alioushika miaka mingi. Daktari hakukimbilia kutaja Alzheimer. Aliagiza kwanza vipimo vya damu, vya tezi ya shingo na vitamini B12, kwa sababu matatizo hayo pia husahaulisha na yana tiba. Akapima presha, akaagiza na picha ya kichwa. Kisha akatueleza kwamba sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya huumwa mapema, ndiyo maana mama hajui alichokula mchana lakini harusi yake anaisimulia yote, mpaka rangi ya leso walizogawa.

Ukimwona anaswali utasema ni mzima. Sura zinatoka bila kukosa hata herufi. Lakini anamaliza alasiri, anakunja mswala, baada ya muda anautandika na kuanza upya. Nikimwambia ameshaswali ananitazama kana kwamba nimemsingizia. Jua likianza kuzama ndiyo shughuli: anajifunga kanga, anataka kwenda kwao Pangani kwa mama yake. Bibi alifariki mimi sijazaliwa. Siku nikimwambia ukweli, analia kama msiba ni wa leo. Siku nikimwambia tutakwenda kesho, anatulia, ila mimi nabaki na dhamira inanisuta. Shangazi, lipi ni sahihi hapa?

Halafu kuna asubuhi anaamka vizuri, ananiita kwa jina, ananikosoa chapati zangu. Kaka alipokuja alikutana na siku za namna hiyo, akaondoka akisema nakuza mambo. Je, mtu anaweza kuingia hatua ya kati kisha akarudi nyuma, au hizo ni siku nzuri tu ndani ya hatua ile ile?

Nimesoma kwamba wapo wanaougawa ugonjwa huu hatua tatu, na wapo wanaofuata kipimo cha hatua saba alichokitoa daktari Barry Reisberg wa Marekani mwaka 1982. Katika hizo saba, ya tano mtu hawezi tena kuishi peke yake na huhitaji msaada hata wa kuchagua nguo. Ya sita huvalishwa na kuogeshwa. Ya saba maneno humwishia, na kutembea pia. Mama anavaa dera juu ya dera, ila akipewa maji na sabuni anaoga mwenyewe, siku nyingine anagoma kabisa. Mimi namwona yuko kwenye ya tano, anachungulia ya sita. Nataka kujua ili tujipange mapema: nani atakaa naye usiku, fedha zitoke wapi, nani atamwogesha wakati huo ukifika.

Kaka anataka kumhamishia Dar. Naogopa. Hapa anajua choo kiko wapi hata gizani, kule atakuwa mgeni kila asubuhi. Anataka pia mama asaini karatasi za nyumba sasa hivi, "kabla hajaharibika zaidi". Hilo sikubali. Huwezi kumpa mtu kalamu hali hajui anachotia saini. Dawa aliyoandikiwa, donepezil, kaka aliacha kuinunua kwa sababu haoni mabadiliko, ingawa daktari alisema wazi kwamba haiponyi, inaweza tu kupunguza dalili kwa muda.

Kwa mganga haendi. Nchi hii imeshazika akina mama wazee waliouawa kwa kudhaniwa wachawi. Mama akitoroka jioni anagonga milango ya watu, anaongea na marehemu wake. Atokee mtu wa kusema ameonekana akiwanga, nitamwokoaje? Nafikiria kumweleza mjumbe na majirani kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, lakini mama mdogo anasema namdhalilisha dada yake.

Kikao cha familia ni baada ya Idi. Nianze na lipi ili kaka anisikilize: dawa, nyumba, au zamu za kumwangalia? Na je, nimwombe daktari azungumze naye moja kwa moja kwa simu, au nitaonekana nimemshitaki? Naomba jibu lako kabla hatujakaa.

Binti wa mwisho, Tanga