Barua ya Kufunga Muhula

Wapendwa Wazazi na Walezi,

Salaam. Muhula umeisha na ripoti mmezipata.

Mnamkumbuka yule kijana wetu aliyekariri darasa mara mbili kwa ajili ya hesabu. Baadhi yenu mlisimama kikaoni mkataka aondolewe kwa kuwa anashusha wastani wa shule. Leo ni mtu mzima mwenye kazi yake, na muhula huu kila Jumamosi alikuja kukaa na watoto 18 wa darasa la tano waliokuwa wakikimbia hesabu za sehemu. Nilimtazama kutoka dirishani. Hamwambii mtoto, "Mbona rahisi hii?" Humwuliza, "Umekwama wapi?" kisha humngoja, hata dakika kumi. Watoto 14 kati ya hao wamefaulu. Sijawahi kuyafurahia matokeo kama haya.

Niliwasimulia wanafunzi habari za Louis Braille, aliyepofuka utotoni kwa ajali katika karakana ya baba yake. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa ameshabuni maandishi ya nukta. Akabaki kufundisha vipofu wenzake katika shule ileile ya Paris iliyomlea. Shule hiyo iliyakubali rasmi maandishi yake mwaka 1854, miaka miwili baada ya yeye kufariki.

Vitabu vya maktaba virudishwe.

Sasa lililoniuma. Wanafunzi wanne wa darasa la sita walimcheka mwenzao mwenye kigugumizi akisoma mbele ya shule nzima. Yeye alisoma mpaka mwisho. Niliwaadhibu wawasomee wadogo hadithi kwa wiki mbili. Mzazi mmoja akaja ofisini kwa hasira: mwanawe ni wa kwanza darasani, kwa nini apotezewe muda? Mzazi mwenzangu, najua ni wa kwanza. Hajawahi kukwama, ndiyo maana hajui kumngoja aliyekwama, na hilo ndilo nililotaka akajifunze kwa wale wadogo. Wawili walimaliza adhabu. Wawili walifichwa nyumbani, na adhabu yao inawangoja.

Tena, acheni kuwaandikia watoto barua za homa kila siku ya jaribio gumu. Mnawanyima pale hasa wanapokomaa.

Ada: mwenye shida aje tupange. Anayeahidi kisha akazima simu anawaumiza walimu, nao wana watoto.

Kijana wetu amekubali kuendelea. Mtoto aliyekwama aje Jumamosi ya kwanza na daftari lake.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu