Fundi, chunguza programu ya ankara kabla ya kulipia

Mhariri,

Mafundi wengi hapa Kisumu huchagua programu ya ankara kwa sura yake. La kwanza kuuliza ni kama imeunganishwa na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Tangu Januari 2024, mteja mwenye biashara kwa kawaida hawezi kudai gharama ya matengenezo kwenye kodi bila ankara ya eTIMS, yenye PIN yake, yaani namba yake ya mlipakodi. Asipoipata kwako, atatafuta fundi mwingine. Ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka, na hajajisajili kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), eTIMS Lite, toleo jepesi la mfumo huo, yamtosha kuanzia.

Kisha ijaribu kwa kazi halisi, tuseme kubadilisha kompresa ya friji. Kipuri kiwe na mstari wake, na malipo ya ufundi mstari wake. Nambari ya mashine iandikwe. La sivyo utaletewa friji nyingine kabisa kwa garantii ya ile ya kwanza. Mteja akitanguliza arbuni ya 3,000 kwa M-Pesa, salio lipungue lenyewe. Programu isiyo na sehemu ya arbuni itakulazimu kuiandika kama mauzo mapya, na pesa zile zile zitahesabiwa mara mbili, na kodi juu yake.

Ada ya mwaka usilipe kabla hujaona rekodi zako zikipakuliwa zote.

Msomaji,
Kondele, Kisumu