Kwa wajukuu zangu wa kijiwe cha bodaboda, Masasi

Wajukuu zangu,

Juzi mlimkwida mwenzenu shati mbele ya macho yangu, kisa ubishi wa ujamaa na ubepari. Mmoja anafoka kwamba enzi za Mwalimu kila mtu alishiba, mwingine anasema ilikuwa njaa tupu. Na hakuna kati yenu aliyekuwa amezaliwa! Nilinyamaza kwa hasira. Leo nasema.

Mimi nilikuwa muuzaji wa duka la kijiji miaka ile ya mwanzoni mwa 1980. Sukari ilikuja na bei yake, imepangwa na Tume ya Bei, na haikuwa kubwa. Ila gunia ni moja, kaya ni nyingi. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wengine wanaacha jiwe liwashikie nafasi wakapalilie kwanza. Nami, Mungu anisamehe, kabla sijafungua mlango nilishapima kilo tano za katibu na mbili za nyumbani kwangu. Kuna bibi alikuja na mkebe wake siku tatu, siku tatu akarudi nao mtupu. Hela alikuwa nayo, kaifunga kwenye pindo la khanga.

Leo sukari imejaa hadi kwenye vibanda, na bibi mwingine anaitazama tu kwa sababu pindo la khanga halina kitu. Zamani ulikunywa chai kwa kujuana na mimi, sasa unakunywa kwa mfuko wako. Bisheni juu ya hilo basi, siyo kutukanana.

Halafu acheni kumwita bepari kila mwenye gari. Bepari ni mwenye mtaji: chombo chake, jasho la mwingine, faida yake. Ninyi mnaopeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, mnahitaji mimi niwaeleze?

Wala msichanganye majina. Ujima ni ule wa babu zetu, kulimiana kwa zamu bila mshahara. Ujamaa wa Azimio la Arusha, 1967, ulitaifisha mabenki na viwanda vikubwa. Na jina peke yake halitoshi: Uchina chama ni cha kikomunisti na mabilionea wamejaa.

Na korosho za baba zenu? Zinaingia ghala la ushirika, anapewa stakabadhi, kisha kampuni binafsi zinashindana mnadani. Mwaka 2018 bei ya wanunuzi ilipokataliwa, serikali ikazichukua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, jeshi likazisomba. Huo mfumo mnauitaje? Mchanganyiko, wanangu, kama uchumi wa nchi nyingi duniani. Na mwenye shida ya ada bado anamuuzia mtu wa kangomba, mlanguzi wa korosho, usiku, kwa bei ya kutupa, mfumo wowote uwe unatawala.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Azimio lilimkataza kiongozi kupangisha nyumba na kula mishahara miwili. Miiko hiyo ikalegezwa na chama kwenye kikao cha Zanzibar, 1991. Hilo sijawahi kulisikia kijiweni hata siku moja. Mnakwidana kwa ajili ya majina, wenye nyumba za kupangisha wanapita na vioo vya magari wamefunga.

Kifungo cha shati la mwenzenu nilikiokota. Aje akichukue, bibi yenu atamshonea.

Ni mimi, babu yenu wa mwembeni.