Madera peke yake hayatoshi, beba na sweta

Shosti Salma,

Za Tanga? Mama hajambo? Nimeona unakuja mwezi wa saba na unafunga madera tu, eti umeangalia ramani ukakuta Lima hapa Peru iko usawa mmoja na Komoro. Usawa ni kweli, zote ziko kwenye latitudo 12 kusini, lakini baridi ya huku utaumia nayo. Hapa pwani bahari yenyewe ni ya baridi, kuna mkondo wa Humboldt unaleta maji toka kusini, sasa hewa inapoa, wingu linatanda juu ya mji miezi na miezi na mvua hainyeshi, kinachodondoka ni manyunyu ya kulowesha kioo cha gari basi. Yaani ni jangwa pembeni ya bahari, na mji una watu zaidi ya milioni 10! Wanategemea mto Rímac unaoshuka toka milimani.

Watoto shuleni wanafundishwa kanda tatu, pwani, milima na msitu. Mi naona hiyo inaipunja sana milima. Kuna mwanajiografia wao, Javier Pulgar Vidal, mwaka 1941 aliigawa nchi kanda nane kwa kufuata mwinuko, mimea na kilimo, akatumia majina ya wenyeji, na mimi namkubali mzee huyo kabisa. Mita 2,300 mpaka 3,500 anapaita Quechua, ndo kwenye mahindi. Ukipanda zaidi mahindi yanagoma, unaingia Suni, viazi na kinoa, nafaka yao ya milimani. Kuanzia 4,000 ni Puna, nyasi ngumu na alpaka tu, wale wanyama wa sufu jamii ya ngamia. Na basi la Lima kwenda Huancayo linapita Ticlio, mita 4,818, juu kuliko Kibo Hut kule Kilimanjaro, na asubuhi hiyo hiyo ulikuwa ufukweni!

Kitu ninachotaka ukione ni chuño, viazi vinavyokaushwa kwa baridi. Msimu huo huo unaokuja wewe usiku kunaganda, basi watu wa juu wanatandaza viazi nje vigande, mchana jua likiviyeyusha wanavikanyaga kwa miguu peku, maji yanachuruzika, kesho yake tena, mpaka vinabaki vidogo vyeusi vyepesi. Vinakaa miaka, ni makopa yetu lakini ya viazi. Baridi inayotutesa sisi wao wameigeuza ghala, nawaheshimu mno kwa hilo.

Msitu sasa, hapo ndo madera yako yatafanya kazi. Ni karibu asilimia 60 ya nchi nzima ila watu wachache. Mawingu ya Amazon yanagonga milima yakamwaga mvua upande wa mashariki, ndo maana huko kijani na huku kwetu mchanga mtupu. Tukienda Iquitos, mji wa huko msituni, ni ndege au boti, barabara ya kufika haipo kabisa.

Ila usitake twende Puno moja kwa moja toka Lima, pale ziwani Titicaca ni zaidi ya mita 3,800, kichwa kitakugonga na chakula hutakiona. Tutapanda taratibu, tulale Arequipa kwanza. Nitumie tarehe ya tiketi mapema nikate mabasi, na niletee iliki na karafuu, nyingi.

Wako,
Zuhura